Jumamosi Nyuma ya Pazia la Kinyozi

Katika matanga ya Tata Kazadi, yaani Baba Kazadi, huko Mwene-Ditu, Kasai, wembe ulinipita. Ndugu wa marehemu tulikuwa tumekaa kwenye mkeka mmoja, wanaume kwa wanawake, na mpwa wake alikuwa akizunguka na beseni la maji, akinyoa kichwa baada ya kichwa kama desturi ya ukoo wao inavyotaka. Alipofika kwangu alisimama, akanitazama utosini, akautazama wembe wake, kisha akaninyunyizia maji kidogo kwa heshima tu na kuendelea na mtu wa pili. Wanawake wawili walicheka katikati ya kilio. Nilicheka nami, na nadhani marehemu angetushinda sote kwa kicheko, maana alikuwa kinyozi, na kichwa changu alikijua kuliko mama aliyenizaa. Nilikuwa na haki ya kukaa kwenye mkeka ule. Jinsi nilivyoipata haki hiyo, na jinsi nilivyokaribia kuikosa kwa sababu ya duara la ngozi lisilozidi kifuniko cha chupa, ndiyo habari ya mwaka ninaoukumbuka hapa.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa, nami nilikuwa nimerudi Kolwezi na sanduku la vitabu na nusu ya shahada, nikaishi kwa Ilunga, kaka yangu mkubwa, yaya kama tunavyosema kwetu, katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi. Yeye alikuwa fundi mkuu katika karakana. Mimi nilipata kibarua cha kuandika fomu za vipuri ambavyo havikuwepo. Mtu alikuja kuomba mkanda wa mashine, niliandika kwamba ameomba, nilipiga muhuri, naye alirudi mikono mitupu akiwa na nakala yake. Kila kitu kilikuwa kinaanguka mwaka ule. Mishahara ilichelewa mpaka watu wakasahau ilikuwa ya mwezi gani, taa za barabarani zilizimika moja moja, na mitaani watu walikuwa wameanza kuhesabiana nani ametoka wapi, nani wa hapa Katanga na nani wa Kasai, jimbo la jirani. Na nywele zangu zilikuwa zinatoka. Najua ni aibu kuyaweka mambo haya katika aya moja. Lakini nikiamua kusema kweli, na sura hii haina kazi nyingine, lazima niseme kwamba katika mambo yote hayo, lililoninyima usingizi lilikuwa la nywele.

Aliyeligundua ni Tata Kazadi. Kinyozi huyu alifanya kazi katika chumba cha mbele cha nyumba yake, na kiti chake kilikuwa kiti cha dereva kilichong'olewa kwenye lori kubwa la mgodi, kirefu hata miguu ya mteja ikaning'inia kama ya mtoto. Kati ya chumba hicho na ua wa nyuma palikuwa na pazia la kitenge lenye picha za mananasi. Mbele ya pazia wanaume walinyolewa. Nyuma yake, uani, wanawake wa nyumba walipika, walishona, na kusema kila lililowajia mdomoni, wakiamini kwamba kitenge kinazuia sauti. Siku moja alishika kioo kimoja mbele yangu na kingine nyuma.

“Ngoy,” alisema, “unajua kama huku nyuma kuko kiwanja?”

“Kiwanja gani, tata?”

“Ya ndege. Ingali kidogo. Ndege ndogo tu njo inaweza kushuka.” Njo kwetu ni ndiyo.

Nilitazama. Pale utosini palikuwa na duara linalong'aa, safi, lisilo na haya. Nilimwuliza kama kuna dawa. Alicheka kwa pua. “Ya kuotesha, hapana. Mwenye kukuambia iko, anakudanganya, anakula feza yako. Lakini ya kufichia iko.” Akaniambia nirudi siku ya posho, ndivyo tunavyoiita Jumamosi huku kwetu, mapema, kabla ya wateja.

Dawa yenyewe ilikuwa betri. Alizipasua betri za tochi zilizokwisha nguvu, akatoa ule unga mweusi wa ndani, akausaga kwa chupa mpaka ukawa laini, akauchanganya na vazelini. Kisha, kwa mswaki wa zamani, alinichorea unywele mmoja mmoja, akipuliza kila mstari ukauke. “Hii ni manganezi ya mugodi ya Kisenge,” alisema kwa fahari. “Bale bazungu banaipeleka Ulaya ku mashua. Weye unaibeba bure ku kichwa.” Kazi hiyo ilichukua saa nzima na ilidumu wiki, nikitii masharti. Masharti yalikuwa haya: nisiegemee kitu, nisivae kofia, nisilowe, na nisimruhusu mtu yeyote kunishika kichwa. Nilimwuliza kama atasema kwa watu. Aliuweka mswaki chini. “Sikiliza, mutoto yangu. Nilishika vichwa vya bachef, vya bapadri, vya bezi ba kuku. Nikifungua kinywa juu ya kichwa moja, vyote vitakimbia. Kichwa ya muteja haitoke mu hii kiti.” Sikujua wakati ule kwamba mtu yule alikuwa ameniapia kiapo ambacho kingemgharimu amani ya nyumba yake.

Maana kulikuwa na binti yake, Kapinga. Alikaa uani na cherehani, akishona sare za shule na magauni ya ubatizo, na tayari tulikuwa tumeanza kutembea pamoja Jumapili baada ya misa, mimi na yeye, polepole, kwa njia ndefu kuliko inavyohitajika. Alikuwa na sauti nzito kidogo na mazoea ya kumtazama mtu mpaka amalize sentensi yake, jambo lililonitia hofu, kwa kuwa nilizoea sentensi zangu zikatwe kabla hazijafika popote. Ningeweza kumwambia mapema. Ningeweza kuinamisha kichwa Jumapili moja na kusema, tazama. Lakini Jumamosi ya pili au ya tatu, nikiwa kitini na mswaki utosini, nilisikia nyuma ya mananasi kwamba mwalimu fulani mwenye upara anapita barabarani, na mama yake Kapinga, Mama Ngalula, akasema yule ni mwanamume mzuri, ana kazi, ana adabu.

“Adabu iko,” Kapinga alisema, na cherehani ikanyamaza. “Lakini ile kichwa, mama! Kama yai ya bata. Mi siwezi kuamuka kila asubui na kuonana na yai.”

Uani walicheka. Kitini, Tata Kazadi aliinua mswaki, akangoja kicheko kipite, kisha akaendelea kunichora kwa umakini zaidi ya kwanza. Hatukutazamana kwenye kioo.

Sasa naomba msomaji aangalie jambo hili kwa macho ya wale waliokuwa uani. Kijana wa watu, aliyesoma, anayetembea na binti yenu Jumapili, anakuja kila Jumamosi asubuhi. Anafungiwa chumbani na baba wa binti. Wananong'ona saa nzima. Kisha kijana anatoka na uso mzito, na baba anatoka akijifuta mikono. Wanaume wawili wa namna hiyo, kwetu, wana jambo moja tu la kuzungumza. Mama Ngalula hakuuliza. Mama mwenye adabu haulizi mahari ikiwa bado mdomoni mwa wanaume. Alianza tu kunipikia.

Nitasema nini juu ya chakula kile? Sisi wa Katanga huita bukari, yeye, mtu wa Kasai, aliita nshima, na alichanganya unga wa mahindi na wa muhogo kwa kipimo ambacho kaka yangu angekiita uasi. Ilikuja ikifuka moshi, pamoja na matamba, majani ya muhogo ambayo sisi huyaita sombe, yaliyotwangwa na karanga, na samaki mkavu aliyelowekwa tangu jana yake, na pilipili pembeni kwenye kisosi. Nililishwa katika sebule yao, kwenye fotei, kiti kikubwa chenye vitambaa vyeupe vya kufuma mgongoni na kwenye mikono, kazi ya vidole vya Mama Ngalula mwenyewe. Na mimi, mwenye unga wa betri mbichi kichwani, nilikaa wima kama bunduki. Saa nzima sikuegemea. Nilitafuna mgongo ukiwa umenyooka, nikijibu ndiyo mama, hapana mama, nikiuhisi ule weupe nyuma ya shingo yangu kama mtu anayekaa ukingoni mwa shimo la mgodi.

“Umeona?” Mama Ngalula alimwambia dada yake siku moja, bila hata kushusha sauti. “Haegemee. Batoto ba siku hizi banalala mu fotei kama mbwa, lakini huyu, anakaa namna bazee balikuwa banakaa. Ile ni nyumba yenye kulea.”

Miezi ikapita hivyo, na nilinenepa. Mwanamume anapoficha jambo dogo, nimejifunza, hulazimika kuwa bora katika mengine yote: nilikuwa mpole, sikugombana, sikukumbatia mtu, sikuingia mvuani, na nikasifiwa kwa kila kimoja. Kapinga peke yake ndiye aliyekuwa na mashaka. Jumapili moja alinyoosha mkono kunitoa jani lililoangukia nywele, nami nikaruka nyuma kama nimeguswa na waya wa umeme. Alirudisha mkono wake taratibu. “Ngoy, mi nanuka?” Nikasema hapana, nikasema nina kichwa kinachouma. Alinitazama mpaka nikamaliza uongo wangu wote, na kama kawaida yake hakunikatiza.

Halafu nyuma ya pazia mambo yakageuka. Tulisikia sauti ya Mama Ngalula, siku ambayo mswaki ulikuwa katikati ya kazi.

“Kazadi anaomba nini kwa ule mutoto wa batu? Mbuzi ngapi? Miezi tano banabishana! Anafikiri tuko Kasai? Hapa nani iko na mbuzi?”

“Labda tata anamupenda, anataka amujaribu pole pole,” alisema dada yake.

“Anamupenda! Atamufukuza na bei yake!” Na sasa akapaza sauti kuelekea pazia. “Kazadi! Unaomba mbuzi ngapi?”

Mswaki ulisimama juu ya kichwa changu. “Hatuongee mambo ya mbuzi,” Tata Kazadi alijibu.

“Sasa munaongea nini, saa nzima?”

Nilihisi vidole vyake vimekaza kwenye bega langu. Mtu yule hakuwa mwongo. Ndiyo shida tuliyokuwa nayo. Angeweza kubuni chochote, akabaki kimya tu, na kimya kile kule uani kikasomwa kuwa ni ulafi. Aliinama sikioni mwangu. “Uende ukamwambie binti yangu. Weye mwenyewe. Mi siwezi.” Nikasema, siku ya posho ijayo, tata. Nilisema hivyo Jumamosi nne mfululizo.

Nilijiambia kwamba kinachonizuia ni yai la bata. Ilikuwa sababu nzuri, ya kuchekesha, na ilinifaa. Lakini kulikuwa na chakula kingine mwaka ule, nyumbani kwa kaka, ambacho sikupenda kukikumbuka. Tulikuwa mezani mchana, mimi, Ilunga na mke wake, na redio ilikuwa imezimwa punde tu baada ya hotuba moja ya kupaza sauti juu ya watu wa Kasai. Ilunga alifinyanga tonge, akalichovya, akasema bila kunitazama: “Banasema unaenda sana kwa ule kinyozi. Mi siko na neno na yeye, ananyoa muzuri. Lakini mwaka huu usituletee Mukasai mu nyumba hii. Majirani banaangalia mulango ya kila mutu.” Shemeji yangu alitazama sahani. Mimi nilikuwa na elimu ya falsafa ya miaka miwili. Nilinyoosha mkono nikasema, “Nipatie ile bakuli ya sombe, yaya.” Akanipatia. Nikala. Jumamosi iliyofuata nilikuwa tena kitini kwa Tata Kazadi, nikijihurumia kwa ajili ya nywele.

Wiki chache baadaye watu wa Kasai walianza kuambiwa waondoke. Nyumba zao ziliandikwa kwa chaki, wengine walirushiwa mawe, na wengi hawakungoja mawe. Tata Kazadi alikuwa amezaliwa Kolwezi, na baba yake aliletwa huku akiwa kijana kufanya kazi mgodini. “Banasema nirudie kwetu,” aliniambia, akifunga mikasi yake katika taulo. “Mutu anarudia namna gani ku fasi, ku pahali hajafika?” Walibeba cherehani, sufuria, magodoro, vioo viwili vya kinyozi. Kiti cha lori kilibaki, kwa sababu kilihitaji wanaume wanne, na wanaume wanne hawakupatikana.

Walikwenda stesheni kungoja treni, pamoja na mamia ya familia, na treni haikuja kwa wiki kadhaa. Watu waliishi kwenye jukwaa na kando ya reli, kila familia imejichorea chumba kwa mizigo yake: sanduku ni ukuta, mkeka ni sebule. Walipika, walifua, waliugua, walibatiza. Na Tata Kazadi, niamini, hakuwahi kupata wateja wengi vile maishani. Aliketisha watu juu ya ndoo iliyogeuzwa, mmoja baada ya mwingine, tangu asubuhi. “Hakuna mutu anapenda kufika kwa bandugu na kichwa ya mwenye kufukuzwa,” alisema. Aliwanyoa kwa namna ambayo mtu angedhani wanakwenda harusini.

Nilifika wiki ya tatu, nimevaa kofia ya kaka yangu, maana betri zilikuwa zimeadimika na rangi yangu ilikuwa imeanza kupauka kuwa kijivu cha jivu. Nilileta sukari na sabuni. Kapinga alikuwa akikunja nguo. Hakuinua uso. Aliyesema ni Mama Ngalula, naye alisema akiwa amesimama, mikono kiunoni, mbele ya ukuta wa masanduku na majirani wote wa ukuta ule.

“Karibu, Ngoy. Ulikuja kuaga? Aga basi. Tunajua yote, majirani benu balitueleza. Kwenu balikataa Mukasai, na weye ulikuwa unazunguka-zunguka tu, unangoja tufukuzwe ili upate njia. Miezi saba ulikula nshima yangu! Na huyu,” akamgeukia mume wake, “huyu baba yetu na mbuzi yake! Kama hangeomba bei ya malkia, mutoto yangu angekuwa mu nyumba yake leo, hangelala ku reli. Ni weye, Kazadi. Ni weye uliharibu.”

Watu waligeuka. Tata Kazadi alikuwa na mteja kwenye ndoo, sabuni bado shavuni mwake. Wembe wake ulisimama hewani. Angeweza kusema neno moja tu, betri, na kesi ingeisha. Alinitazama mara moja, bila hasira, kama mtu anayetazama saa. Kisha akainama na kuendelea kumnyoa mteja wake, akiichukua lawama ile mbele ya stesheni nzima ili kichwa changu kisitoke kwenye kiti ambacho hata hakuwa nacho tena. Nimesoma vitabu vingi juu ya heshima tangu wakati huo. Sijasoma ukurasa uliozidi ule.

Nilingoja mteja amalize. Nikavua kofia, nikakaa kwenye ndoo.

“Tata,” nikasema, kwa sauti ya kusikika, “toa yote.”

“Pazia haiko tena, mutoto yangu.”

“Najua.”

Alichukua kitambaa, akakilowesha mafuta ya taa, akasugua utosi wangu, na kitambaa kikawa cheusi tititi. Alikiinua watu wakione. Kisha akanyoa nywele zilizobaki, kwa upole, mpaka mwisho. Wakati akinyoa nilieleza: unga wa betri, mswaki, saa nzima, kiapo cha kinyozi. Nilisema hakuna mbuzi aliyewahi kutajwa, hata mguu wa mbuzi.

“Kazadi,” alisema Mama Ngalula polepole. “Miezi saba… mi napikia betri?”

Ndipo jukwaa likalipuka. Walicheka watu ambao hawakuwa wamecheka tangu mlango wao ulipoandikwa chaki. Mzee mmoja alilazimika kushikiliwa. Habari ilipita juu ya masanduku, familia hadi familia, nasi tukaisikia ikicheka kuelekea mwisho wa jukwaa. “Njo sababu haegemee!” dada yake Mama Ngalula alipiga kelele, machozi yakimtoka. “Njo sababu haegemee kiti!” Tata Kazadi alikuwa amekaa chini, akitikisika bila sauti. Mimi nami nilianza kujisikia vizuri. Nilijiona shujaa. Mtu akisema kweli hadharani na watu wakacheka, hujiona amelipa kila kitu.

Kapinga hakucheka. Alikuja, akanizunguka mzunguko mmoja kamili, kama anayetazama gauni lililoshonwa na mtu mwingine.

“Njo hii?”

“Njo hii.”

“Ni mubaya,” alisema. “Sitakudanganya, sababu sasa tunasema kweli. Mi napenda mwanaume wa nywele. Labda nitazoea, labda hapana, sijue.” Akasimama mbele yangu. “Lakini si ile nilikuwa nakuuliza. Miezi yote niliona unaficha kitu. Mama alisema yake; weye useme, kwenu banasema nini juu yangu?”

Nilitambua basi nilichokuwa nimefanya. Nilikuwa nimeleta ukweli mdogo, unaochekesha, nikauweka mbele kama kitambaa cheupe, ili mkubwa usiulizwe. Ningeweza bado kuponyoka. Kicheko kilikuwa hakijaisha, kila mtu alikuwa upande wangu. Nilisema, “Yaya alisema nisilete Mukasai mu nyumba.”

“Na weye ulimujibu nini?”

“Sikumujibu.”

“Ulinyamaza tu?”

“Niliomba bakuli ya sombe.”

Alinisubiri nimalize, na nilikuwa nimemaliza. Akatikisa kichwa mara moja. “Kipara ni kazi ya Mungu, Ngoy. Ile ya sombe ni yako.” Akarudi kukunja nguo zake. Tata Kazadi alinipa mkono kuinuka kwenye ndoo, wala hakuniambia lolote la kunifariji, na nilimshukuru.

Nilirudi kambini kichwa wazi, jua la mchana likiniunguza mahali ambapo halikuwahi kufika. Kaka yangu alikuwa mezani. Sikukaa. Nilimwambia kwamba ninamwoa Kapinga, binti wa Kazadi, kama bado atanikubali, na kwamba ile siku ya redio nilipaswa kusema hivyo nikaomba mboga. Ilunga alitafuna kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeogopa majirani, na mwaka ule majirani walistahili kuogopwa. “Hapa hataingia,” alisema mwishowe. “Kama unamutaka, utaishi fasi yake.”

“Sawa, yaya.”

Akaniangalia kwa mara ya kwanza. “Nani alikunyoa hivi?”

“Baba yake.”

Alikitazama kichwa changu pande zote, kwa jicho la fundi. “Anajua kazi,” alisema, na akarudi kwenye sahani yake. Hatukuonana tena kwa miaka sita.

Kesho yake asubuhi nilirudi stesheni na sanduku langu. Treni ilikuwa imefika kweli, mabehewa ya mizigo yenye milango ya kuteleza, na watu wa parokia walikuwa wakiandika majina, familia kwa familia, kila familia na behewa lake. Kapinga alikuwa akifunga sufuria kwa kamba. Aliliona sanduku kabla ya kuniona mimi.

“Ulimuambia?”

“Nilimuambia.”

“Alisema nini?”

“Nitaishi fasi yako.”

“Fasi yangu wapi? Mi mwenyewe sijaiona.” Lakini alisogeza godoro moja kwa mguu, ikapatikana nafasi ya sanduku.

Katekista mwenye daftari alifika kwetu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma: Kazadi, baba, Ngalula, mama, dada wa mama, Kapinga, binti. Kisha kalamu yake ikanielekea. “Na huyu tata ni nani kwenu? Ndugu ya Kazadi?”

“Mukwe,” alisema Tata Kazadi. “Andika mukwe.”

“Jina?” Nikataja. “Miaka?”

“Ishirini na sita.”

Katekista aliacha kuandika. Alisukuma miwani juu ya pua, akatazama kichwa changu kilichokuwa kinang'aa katika jua la asubuhi, akamtazama Tata Kazadi, akanitazama tena. “Tata, hii ni liste ya kanisa,” alisema kwa huzuni. “Naomba batu basidanganye.”

Kapinga alikuwa amepiga magoti, akikaza fundo la mwisho la kamba. Hakuinua hata macho.

“Andika tu, tata,” alisema. “Tangu jana huyu anasema kweli.”